Ulimi Niliomwazima Mzee Firmin

Shambani, kusini mwa Ufaransa
Jumapili mchana, mzee akiwa amelala

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa maandishi kwa sababu ile shikamoo ya kwenye simu najua huisikii. Juzi nilipaza sauti mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka, nawe ukanijibu kwamba ndiyo, mahindi yameota. Basi nikaona bora nikuandikie. Utavaa miwani, utasoma taratibu, ukichoka utaiweka barua kando ukanywe chai, na maneno yatakungoja. Ataibeba mama mmoja wa Tanga ninayekutana naye kanisani mjini. Yeye anarudi Dar, kutoka Dar itapanda basi, na mwanao Eliya ataipokea hapo Tabora.

Goti linaendeleaje? Eliya anasema umeanza tena kutembea kwa miguu kutoka Isevya mpaka Chemchem kwa Bi Zuwena, eti kwa sababu vijana wa bodaboda hawajui kuendesha. Mama, mwambie Bi Zuwena naye aje kwako. Yeye goti lake ni zima. Na yale matone ya masikio, unayaweka au umeyaweka kabatini?

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Sisemi hivyo ili usikitike. Nasema kwa sababu kila ukiniuliza kwenye simu najibu "salama tu", halafu nakata. Mgongo unaniuma kwa kumnyanyua mzee. Kiswahili nakizungumza peke yangu nikiosha vyombo. Baridi ya hapa si ya kuvaa sweta ikaisha, inaingia mifupani na kukaa humo kama mpangaji. Kuna asubuhi naamka na sijui nimeamkia nchi gani, mpaka nisikie mzee anakohoa upande wa pili wa ukuta.

Lakini wiki hii kimetokea kitu, na nataka ukisikie kwangu mwenyewe.

Nilishakuambia kuhusu Mzee Firmin, huyu ninayemtunza. Umri wake ni kama wa babu alipofariki. Miguu haina nguvu na mkono wa kushoto hauna kazi, ila kichwa chake ni kizima, na mdomo ndio usiseme. Nimemfundisha salamu yetu ya "mwangaluka", na kila asubuhi ananiamkia hivyo kwa sauti ya kamanda. Maisha yake yote alikuwa anapika armanyaki. Hiyo ni pombe kali ya huku. Wanachukua mvinyo wa zabibu, wanaupika, ule mvuke wake unaopoa wanaukinga, halafu wanautia kwenye mapipa ya mbao na kuuacha humo miaka na miaka. Nyuma ya nyumba kuna ghala la mapipa, kuta zake nyeusi kama sufuria la kuni. Wanasema ile pombe inatoka kidogo kidogo na hewa, na kuvu inayoishi kwa harufu yake ndiyo iliyotia weusi.

Sasa desturi ya Mzee Firmin ni kwamba kila mwaka unakaa peke yake kwenye pipa lake. Mwaka haukutani na mwaka mwingine. Alikuwa na mapipa matatu asiyotaka yaguswe. Moja ni la mwaka aliozaliwa bintiye, Odile, mtoto wao wa pekee. La pili ni la mwaka wa mvua ya mawe iliyopiga mizabibu, wakavuna kilichobaki huku wakilia. La tatu ni la mwaka aliofariki mkewe. Mama wa watu alizivuna zabibu zile kwa mikono yake, akafa kabla hazijapikwa.

Mzee alipopata korona alipona, ila pua haikupona. Hasikii harufu wala ladha. Namlowekea plamu zilizokaushwa kila asubuhi, anakula, anasema, "Leo umenipa sabuni au karatasi?" Tunacheka, lakini si kicheko. Mtu aliyeishi kwa pua yake, fikiria.

Ndipo Odile akachukua kazi ya ghala. Akafungua yale mapipa matatu akakuta kila moja limebaki na kidogo tu, mengine yameshakwenda na hewa. Akayachanganya yote matatu. Halafu, na hapa ndipo moto ulipowaka, akaitia pombe hiyo kwenye mapipa aliyoyanunua Uskoti, yaliyokuwa na wiski, wiski ile inayonukia moshi, ili ikae humo kwanza kabla ya kutiwa kwenye chupa. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye nyumba hii. Baba mtu alipopata habari alisema neno moja: "Umemmwaga mama yako kwenye pipa la wageni." Hajamsemesha tena.

Na mimi, mama, nikawa katikati. Odile anakuja kila wiki, anakaa pale mezani, baba yake yuko kwenye kiti chake dirishani, na wote wawili wanazungumza na mimi.

"Debora, mwambie baba nimemletea supu."

"Debora, mwambie binti yangu nimeshiba."

Wanasikiana vizuri kabisa! Nikamwambia Odile siku moja, mimi nimeajiriwa kumwogesha na kumlisha, si kuwa redio. Akainamisha kichwa. Nikamhurumia. Mwanamke mwenye mvi, anaogopa kuingia nyumbani kwao.

Basi Jumatano, tukiwa tumemaliza kula, akaja na chupa moja na bilauri ndogo yenye tumbo. Mvua ilikuwa inanyesha. Akaviweka mezani, hakuvua hata koti.

"Mwambie baba imetoka. Zimepatikana chupa chache sana. Hii ni ya kwanza."

Nilifungua mdomo, mzee akanikatiza. "Mwambie nimesikia. Mimina."

Nikamimina. Rangi yake ni kama chai ya rangi iliyokolea. Wana namna yao ya kuipima. Wanadondosha kidogo kiganjani, wanasugua viganja, wanafunika pua. Mkono wake mmoja haufanyi kazi, kwa hiyo nikausugua mkono wake mzima kwa kiganja changu, akaupeleka usoni. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Nilikuwa karibu, nikamwona uso unavyoshuka.

"Maji," akasema. "Maji ya bomba."

Akaonja, akameza. Akasema kifua kimepata joto, basi. Odile alikuwa amesimama karibu na mlango, anauma kucha kama mtoto. Nikaanza kukusanya sahani, nipate cha kufanya. Ndipo mzee akaniita.

"Debora. Niazime ulimi wako."

"Mzee, mimi sinywi. Unajua hilo."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba wewe. Yeye ataniambia ni nzuri. Wale wateja wake wataniambia ni nzuri, wamesafiri kutoka mbali, waseme nini? Wewe huna sababu ya kunidanganya. Onja uniambie kilichomo. Usiniambie ni nzuri. Niambie kilichomo."

Mama, nilikuona. Nilikuona umesimama kwenye mlango wa jikoni pale Isevya, unanusa midomo yetu mmoja mmoja tukitoka harusini. Sisi watoto wako hatukuwahi kukuuliza kwa nini. Gongo ndiyo iliyommaliza baba, na aliyekuwa akimwokota ni wewe. Nikamwambia mzee nitanusa tu. Nikanusa. Nikamwambia, "Ni kali, na kuna plamu." Akatikisa kichwa. "Pua ni mlango tu. Ingia ndani." Halafu akasema kwa sauti ya chini, akitazama dirishani, "Nami sitaishi mpaka ije nyingine."

Nikanywa. Kijiko kimoja, labda viwili. Nakueleza ilivyokuwa, kama nilivyomweleza yeye.

Kwanza ni moto. Machozi yalinitoka, nikadhani nimeungua. Moto ukashuka kifuani, ukatulia. Kisha ikaja plamu, ile ile ninayomlowekea asubuhi, pamoja na maji yake mazito yanayobaki kwenye bakuli. Nyuma yake kitu kama ganda la chungwa lililokauka. Niliyasema haya moja moja, naye anaitikia kwa kichwa, macho ameyafumba, kama anasomewa barua ya mtu anayemfahamu.

Halafu ukaja moshi.

Nilinyamaza. Mzee akafumbua macho. "Nini? Kuna nini?"

"Moshi."

"Moshi wa namna gani?"

Ningemjibuje? Haukuwa moshi wa jikoni. Ulikuwa moshi wa magome ya mti, wenye utamu ndani yake. Ni baba, mama. Ni baba anashuka kwenye treni kutoka Kaliua, amekaa porini wiki kadhaa kwenye mizinga yake, debe la asali begani, shati lote linanukia ule mwenge wa kufukuzia nyuki. Sisi tunamkimbilia, Eliya anampanda mgongoni, na wewe umesimama unajifanya umekasirika kwamba amechelewa. Anachovya kidole kwenye debe anakupaka mdomoni mbele ya watu wote wa stesheni, nawe unamfukuza kwa kanga. Unakumbuka? Mimi nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimebaki na harufu yake ile nyingine tu, ya miaka ya mwisho. Nilisahau kabisa kwamba kabla ya hiyo baba alinukia asali na moshi. Nilisimama jikoni kwa watu, nchi ya watu, mkono kwenye meza, nikaogopa kumeza mate nisije nikaupoteza.

Nikamwambia mzee, "Moshi wa mtu wa asali. Wa mtu anayerudi nyumbani kutoka porini." Nadhani alielewa, kwa sababu nilishamsimulia baba alikuwa nani. Nilimsimulia yote, na mabaya.

Akauliza swali lake sasa. "Na tunda? Moshi umelifunika tunda?"

Odile alinitazama. Nakuambia, macho yale yalikuwa yananiomba. Nililitafuta tunda mdomoni mwangu kila kona. Halikuwepo. Ulikuwepo moshi tu, moshi mtupu.

"Umelifunika," nikasema.

Odile alivuta kofia ya koti lake kichwani, akafungua mlango, akatoka. Nikasikia kokoto zinalia chini ya viatu vyake.

Nikabaki na mzee, na saa ya ukutani, na mvua. Nilijiona kama nimempiga mtu kofi. Nikaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi tayari. Mzee alikuwa amegeuza uso ukutani. Na pale nilipokuwa nafuta, mama, lilirudi. Sikuwa nimekunywa tena. Lilipanda lenyewe kutoka chini ya koo, taratibu, moshi ukalipisha. Tunda. Safari hii bila moto wowote, tamu kidogo, na mwishoni chungu kidogo, kama unapoimumunya kokwa baada ya nyama kuisha.

Nilitupa kitambaa nikakimbia. Nilikuwa na kandambili miguuni, matope yamejaa uani, moja ikabaki humo. Odile alikuwa ameshawasha gari. Nikagonga kioo kwa viganja vyote viwili.

"Limerudi!"

Akashusha kioo. "Nini?"

"Tunda! Liko mdomoni mwangu sasa hivi! Lilikuwa nyuma ya moshi!"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mlevi, na sikumlaumu, maana nilikuwa nimelowa, mguu mmoja peku, nampigia kelele kuhusu plamu. "Njoo umsikilize baba yako," nikamwambia. "Mimi simpelekei tena ujumbe wa mtu. Njoo."

Akazima gari.

Tulipoingia mzee alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Alikuwa amenisikia kutoka uani, na nadhani kijiji kizima kilinisikia. "Umesema limerudi. Likoje?"

Nikamweleza kama nilivyokueleza, utamu mdogo, uchungu wa kokwa. Nilipofika kwenye kokwa alinyanyua mkono wake mzima nikanyamaza. Akamtazama Odile. Si mimi, mama. Odile.

"Huo ni mwaka wa mama yako," akamwambia. "Ndivyo ulivyokuwa tangu mwanzo. Ulikuwa unachelewa. Kila mwaka nikiuonja nilidhani umekwisha kufa, narudisha kizibo, nafika mlangoni, ndipo unakuja."

Odile alikaa chini kwenye sakafu, na koti lake linachuruzika maji. "Ulikuwa umebaki kidogo hivi, baba," akaonyesha kwa vidole. "Ungeuacha peke yake ungekauka. Nilitaka ukae na mingine."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Ulikuwa unazungumza na Debora."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimpige mgongo. Kisha akalia. Niliwaacha, nikaenda kuitafuta kandambili yangu.

Sikuambii kwamba sasa ni asali na maziwa. Jioni ile ile alishasema mapipa ya wiski wawarudishie wenyewe Waskoti, na Odile akamjibu. Lakini anamjibu yeye. Mimi napika, nasikia wanabishana, nashukuru Mungu.

Ijumaa mzee alishikwa na kifua. Daktari amesema moyo umechoka, tusitegemee mengi, aachwe nyumbani kwake. Odile amehamia chumba cha juu. Zamu za usiku amechukua yeye, na kwa mara ya kwanza tangu nimekuja hapa nimelala usiku mzima, nikaamka na kujua niko wapi. Jana aliniuliza tukiwa tunakunja mashuka, "Baba akishakwenda, wewe unataka nini? Ukitaka kazi ya ghala, ipo." Nilidhani nitafikiria. Sikufikiria. Nikamwambia nataka kwenda kwetu nikapumzike. Mengine baadaye. Hakukasirika. Amesema hata mzee akiwa bado yupo, Pasaka nitakuwa huru, yeye mwenyewe atamtunza baba yake.

Kwa hiyo nakuja, mama. Na kuna jambo nataka kukuomba.

Kila Pasaka tunaamka alfajiri, tunakwenda na kanisa zima makaburini tukiimba. Unasimama kwa babu, unasimama kwa bibi, unasimama kwa yule mdogo wetu asiyepata jina. Tunapaka chokaa, tunang'oa majani. Kwa baba hatusimami. Kaburi lake liko kule mwisho karibu na uzio, na Eliya husafisha akiwa peke yake, jioni, ukiwa hupo. Najua alichokufanyia. Nilikuwepo, nilikuwa nashika taa. Sikuombi umsamehe, hilo ni lako na Mungu wako. Pasaka hii naomba twende tusimame pale, wewe na mimi na Eliya, na unisimulie yule wa stesheni. Mimi nina kipande kimoja tu, nimekiokota mbali, tena mahali ambapo hungetaka nikiokote. Wewe unaye mzima.

Msalimie sana mjomba, mpiga kengele wa kanisa, mwambie bega likimuuma amwachie kijana mwingine kamba. Msalimie shangazi wa Kaliua anayeuza mchele pale stesheni. Msalimie mke wa Eliya, nimesikia anategemea mtoto, ale vizuri. Bi Zuwena mpe salamu zangu za heshima, mwambie ile kanga aliyonipa wakati wa kuondoka ndiyo ninayojifunga mpaka leo, imepauka lakini haijachanika. Na baba mchungaji msalimie pia. Habari ya kijiko nilichokunywa nitamweleza mwenyewe, usianze kunitetea.

Mzee ameamka, namsikia anamwita Odile, si mimi. Naandika haya ya mwisho bila haraka.

Mama, kama jambo la makaburini ni zito kwako, usinijibu kwa simu, maana tutapigiana kelele na wala hatutasikiana. Wala usimtume Eliya aniandikie. Ngoja nifike. Nitakaa kwenye kigoda jikoni kwako, nikuchambulie mboga, na unijibu ukiwa unanitazama.

Ni mimi mwanao, niliyechoka, na ninayerudi,

Debora